Kozi ya simulizi za dini na matatizo ya dunia, Arusha: maoni ya muuza mahindi

Niseme mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke na jibu lake: kozi inafaa. Naipa nyota nne kwa tano. Hiyo moja niliyoizuia nina sababu nayo, na sababu yenyewe si vyoo, ingawa vyoo navyo nitavisema. Jina la kituo silitaji. Malalamiko yangu nimeshawaeleza wahusika ana kwa ana, na sina haja ya kuitwa kwa mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya maoni ya mteja.

Mimi nauza nafaka soko la Kilombero hapa Arusha. Mahindi ndiyo biashara yenyewe, maharage na mbaazi ni nyongeza. Nyumbani ni Tengeru, na usharikani mimi ni mzee wa kanisa. Tangazo la kozi lilipita kwenye kundi la WhatsApp la usharika, limejaa maneno ya kuombea ufadhili: utafiti wa namna simulizi za dini zinavyoweza kusaidia kutatua matatizo ya dunia, walengwa ni viongozi wa dini na wa jamii, Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilicheka. Mambo yamewashinda wakubwa wanaokutana New York kila mwaka, leo tuyamalize sisi kwa chai na maandazi? Lakini mchungaji akasema usharika unalipia nusu kwa mtu mmoja, na wazee wenzangu wote walikuwa na udhuru. Ndivyo nilivyokwenda.

Ada ni shilingi 90,000 kwa anayekwenda na kurudi, ndani yake chai ya saa nne na chakula cha mchana. Anayelala kituoni anaongeza. Mahali ni pazuri, juu kidogo ya mji, na ukifika mapema unauona Mlima Meru wote kabla mawingu hayajaufunika. Daladala inakuacha barabara kuu, iliyobaki ni bodaboda au miguu yako. Chakula sina neno: ndizi nyama, wali maharage, na siku moja wakatuletea loshoro ya baridi, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando, iliyomfanya mzee mmoja wa Kimasai kutoka Monduli aulize kama kozi haiwezi kuongezwa wiki. Vyoo vya chini havikuwa na maji tangu Jumatatu hadi Jumatano. Na mada ya Jumatano ilikuwa maji.

Tulikuwa kama thelathini. Wachungaji, makatekista, walimu wa madrasa, masista wawili, afisa maendeleo ya jamii wa kata, vijana wa chuo waliokuja kutafuta cheti, na baba mmoja wa Kihindu mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini ambaye kila jioni alitaka kujua kesho chakula ni nini kwa kuwa nyama hali. Waandaaji walifanya jambo moja la akili sana: walipanga viti wao wenyewe. Hukuruhusiwa kukaa na wa dini yako. Mimi nikapangwa na ustadhi wa Ngarenaro, kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayeniita mama na kunipa shikamoo kila asubuhi kabla hata sijaweka pochi chini.

Siku ya kwanza ningewashauri waipunguze iwe nusu. Mwezeshaji alikuwa na mashine ya kuonyesha picha ukutani na alisoma kila kilichoandikwa. Alitusomea kuhusu Assisi, Italia, mwaka 1986, ambako Prince Philip wa Uingereza, wakati huo rais wa WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi wanyama na mazingira, aliwaita viongozi wa dini tano, Wabudha, Wakristo, Wahindu, Waislamu na Wayahudi, kila dini ikatoa tamko lake kuhusu viumbe na mazingira. Akaja mwaka 2015, ambao kwa kweli ulikuwa na shughuli: Juni Papa Fransisko akatoa waraka wa Laudato Si' kuhusu kutunza mazingira, Agosti wanazuoni wa Kiislamu wakakutana Istanbul na kutoa tamko lao kuhusu tabianchi, Desemba mataifa yakafikia mkataba wa Paris. Yote ya kweli, na mengine nilikuwa siyajui. Ila matamko mimi nimeyasikia tangu shuleni. Ukiwa umekulia Arusha, mji wenye azimio lake la 1967, neno tamko halikutishi. Nilitaka kujua baada ya kusomwa, mtu gani aliacha kukata mti gani.

Nikanyoosha mkono nikauliza hivyo hivyo. Kumbe ndipo walipokuwa wanaelekea. Kozi nzima inakwenda kwa maswali matatu, na ukitoka na hayo tu umepata thamani ya ada yako. Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Aliyesikia alifanya nini kesho yake? Hilo la tatu, walisema, ndilo utafiti wenyewe. Mawili ya kwanza ni maandalizi. Watu wengi wa dini tunaishia la kwanza. Tunajua nani amehubiri, alihubiri vizuri kiasi gani, na kapewa nini.

Mfano wa karibu waliotoa ni wa kanisa langu, KKKT, yaani Walutheri, Dayosisi ya Kaskazini kule Moshi, na Askofu Fredrick Shoo, ambaye kwa kuhimiza upandaji miti alipata jina la askofu wa miti. Watu wa Moshi waliokuwepo walikaa wima ghafla. Barafu ya Kilimanjaro iliyokuwepo mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 yake imeshatoweka, na mtoto wa Machame haambiwi hilo na kitabu, anaona mwenyewe akitazama juu. Hapo ustadhi wangu akaleta hadithi ya Mtume iliyopokewa kutoka kwa Anas: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijamfika, na aupande. Mimi sikuwa nimewahi kuisikia. Nilimfikiria mzee mmoja usharikani kwetu ambaye kila tukigawa miche anakataa kwa hoja kwamba Bwana yu karibu kurudi, kivuli cha nini. Nimemwandikia hiyo hadithi kwenye karatasi. Imetoka kitabu gani sitamwambia mpaka aniulize.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya nisahau duka. Mada ilikuwa chakula, na simulizi iliyochaguliwa ni ya Yusufu na Farao. Nani asiyeijua? Ng'ombe saba wanono, saba waliokonda, miaka saba ya shibe, saba ya njaa. Mwezeshaji, mama mstaafu wa idara ya kilimo, aliisoma Mwanzo 41 mpaka pale Yusufu anaposhauri ikusanywe sehemu ya tano ya mavuno na kuwekwa ghalani mijini. Kisha akamwomba ustadhi atusomee sura ya 12 ya Kurani. Humo Yusufu anatoa maelekezo ambayo kwetu hayamo: mtakachovuna kiacheni ndani ya masuke yake, isipokuwa kidogo mtakachokula.

Nikanyanyua kichwa. Huyo aliyesema hivyo anajua ghala. Punje iliyobaki ndani ya suke ina ganda lake, haijachubuka, mdudu inamchukua muda kuifikia. Lakini mchungaji mmoja akaanza kuhitimisha kwamba basi na sisi tuwafundishe wakulima wetu wasipukuchue mahindi, na hapo nikasimama bila kuruhusiwa. Ile ilikuwa ngano, baba mchungaji. Mahindi ukiyaacha kwenye magunzi unamwandalia mdudu dumuzi karamu. Dumuzi alitujia kutoka Amerika, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wakambatiza Scania, kama yale malori. Huyo anapenda hindi lililokaa kwenye gunzi lake, limetulia, halichezi. Ndiyo maana tunaambiwa tukaushe, tupukuchue, tuweke dawa au tutumie mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Na unyevu usipotoka vizuri unakaribisha sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula ugali wao wa kila siku. Ukumbi ulinyamaza. Mama wa kilimo akasema, endelea, dada. Nikaeleza jinsi tunavyopima kwa chupa na chumvi: unatia punje kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, unatikisa, ukiona chumvi imeng'ang'ania ubavu wa chupa ujue mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Mzee wa Monduli aliandika.

Hata siku hiyo ingeishia hapo ningeipa nyota tano. Lakini nilikuwa na Biblia mkononi na nimezoea kusoma mbele. Nikawaomba tufike Mwanzo 47, ambako watu hatusomewi mara nyingi. Njaa imekaza. Watu wanamletea Yusufu fedha mpaka zinaisha. Wanaleta mifugo: farasi, kondoo, ng'ombe, punda. Mwaka unaofuata wanaleta mashamba na miili yao wenyewe. Yusufu anainunua nchi yote ya Misri kwa ajili ya Farao, isipokuwa ardhi ya makuhani. Niliposoma hiyo ya makuhani wachungaji waliinamia madaftari. Kijana mmoja wa chuo akauliza kwa sauti, kwa hiyo Yusufu alikuwa mlanguzi?

Mwezeshaji mkuu alitaka tuendelee na ratiba. Mama wa kilimo akamkatalia, na namshukuru. Ustadhi akaeleza kwamba katika Kurani sehemu hiyo ya kununua watu na ardhi haimo. Kule simulizi inafika kwenye mwaka wa mvua, watu wanakamua, kisha inarudi kwa Yusufu na ndugu zake. Kwa hiyo tukawa na simulizi moja yenye njia mbili: moja inakufundisha kuweka akiba, nyingine inakuuliza ufunguo wa ghala anao nani. Kwa mtu wa biashara yangu hili la pili halina raha. Mimi nanunua Julai bei ikiwa chini na nauza Februari watu wakiwa wamebanwa. Nalipa ghala, nalipa vibarua, napoteza magunia, lakini mkulima aliyeniuzia Julai mara nyingine ndiye anayekuja kununua Februari, na bei tunaijua wote wawili. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa: kuhusu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa hati yake, kuhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wenye maghala yake hapa Arusha, kuhusu vikundi vya akina mama vinavyohifadhi pamoja ili wasiuze kwa shida. Hakuna aliyeshinda. Ila hayo mazungumzo nisingeyapata kanisani peke yangu wala sokoni peke yangu.

Jumatano kabla ya kwenda shambani tulipewa kisa cha Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba. Nimekipenda kwa sababu kinajibu swali la tatu. Wavuvi walikuwa wanatumia baruti na njia nyingine zinazoua matumbawe, makatazo ya serikali hayawaingii. Mwaka 1998 kisiwa kikawa eneo la hifadhi, na ukafuata mpango wa kufundisha uhifadhi kwa misingi ya Kurani, ukiwashirikisha wavuvi na maimamu wao, pamoja na taasisi ya Fazlun Khalid ya Uingereza inayoshughulika na Uislamu na mazingira. Wavuvi wenyewe walikuwa tayari wanacho kisa cha kisiwa chao: Nabii Khidhri alifika pale, akaulizwa msala wa kusalia, akajibu kwamba kisiwa chenyewe ndio msala, kimelala kuelekea Makka. Sasa mtu umwambie eneo la hifadhi namba fulani, au umwambie unalipua msala? Mwezeshaji wa Zanzibar aliyesimulia hakutudanganya kwamba aya peke yake iliokoa samaki. Alisema lazima kuwe na kanuni, doria, na wavuvi wawe na sauti. Ila wavuvi walisema wazi kwamba sheria ya serikali unaweza kuikwepa, ya Mungu utaikwepea wapi.

Halafu tukaenda mferejini. Sitasema kijiji, ni huku kwetu Arumeru, mfereji wa zamani unaotoka mtoni na kushuka kupitia migomba, nyanya na mchicha, kisha ukibaki unaingia tambarare kwa wafugaji. Kabla ya kutoka tulifundishwa namna ya kuuliza, na somo hilo ni zuri kuliko yote ya wiki. Omba ruhusa kwanza, na ueleze sauti itakwenda wapi. Usiulize unaamini nini. Uliza ni nani alikusimulia, mlikuwa wapi, na mlikuwa mnafanya nini. Ukiandika, andika kama alivyosema, hata akichanganya Musa na Eliya, usimsahihishe. Mchungaji wetu mmoja hilo lilimshinda kabisa, alisahihisha watu mpaka wakaanza kumwitikia amina.

Mimi na ustadhi tuliangukia kwa mzee mmoja wa kamati ya mfereji, Mmeru, Mlutheri mwenzangu. Alikuwa anazibua lango kwa jembe, maji yamemfika ndama, na hakuacha kuzibua wakati wa kuzungumza. Akatusimulia Isaka katika Mwanzo 26. Isaka anachimba kisima, wachunga mifugo wa Gerari wanasema maji ni yetu, anakiita Eseki. Anachimba kingine, ugomvi, anakiita Sitna. Anahama, anachimba cha tatu, hakuna ugomvi, anakiita Rehobothi. Mzee alisema baba yake mwenyewe ndiye aliyemsimulia, wakiwa hapo hapo wanasafisha mfereji. Ustadhi akamuuliza swali dogo tu: na nyie mtahamia wapi? Mzee akasimama kwa mara ya kwanza, akaangalia juu, akaangalia chini. Juu msitu na hifadhi, chini mashamba ya maua na nyumba za watu. Akasema, hakuna pa kuhamia, ndugu yangu.

Ndipo ustadhi naye akasimulia ya kwake, ya ngamia wa Nabii Swaleh na kaumu ya Thamudi. Ngamia yule ana siku yake ya kunywa, na nyinyi mna siku yenu. Zamu. Wakachoka na zamu, wakamuua ngamia, na yaliyowapata yakawapata. Mzee alimtazama kijana kwa muda, akaniuliza mimi kama hiyo imo katika Biblia. Nikasema haimo. Akasema ingefaa iwemo. Baadaye alitueleza kwamba tambarare wafugaji wamekuwa wakidai siku moja ya wiki maji yaachwe yashuke kwa ng'ombe, na kamati imegawanyika katikati. Atawasimulia kikao kijacho, kwa jina la Swaleh hivyo hivyo, wasimkatalie. Kama alisimulia sijui, kozi iliisha kabla.

Pembeni kulikuwa na mama analima mchicha, alikuwa anatusikiliza huku anafunga mafungu. Tukamuuliza na yeye. Hadithi zote mbili sasa nimezisikia, akasema, ila anayefungulia maji yangu usiku ni mtu wa kwaya. Tukaiandika. Jioni kwenye kuwasilisha nilidhani tutaambiwa tuiondoe, kumbe mama wa kilimo akaifanya ndiyo mfano wa matokeo mazuri: simulizi inajulikana, inapendwa, na haijazuia wizi. Andika hivyo. Ukiandika vinginevyo unawaandikia wafadhili.

Alhamisi walizungumzia magonjwa, na kisa kilichonikaa ni cha Ebola Afrika Magharibi, 2014 mpaka 2016, watu zaidi ya 11,000 walikufa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Maiti ndiyo iliyokuwa hatari kuliko vyote, na kuosha maiti ni ibada. Wataalamu walipokwenda na mifuko ya plastiki bila kuzungumza na mtu, watu walificha wafu wao. Mwishoni mwa 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, uliotengenezwa pamoja na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu. Kwa Waislamu ikakubalika kutayamamu, yaani kutwaharisha kwa udongo bila maji, juu ya mfuko badala ya kumwosha marehemu. Hapo dini haikuongezwa mwishoni kama pilipili mezani. Sista mmoja aliyewahi kuuguza alilia kidogo, tukampa nafasi.

Sasa nyota niliyoizuia.

Ratiba ya Ijumaa ilikuwa na kipengele: simulizi za dini zinapotumika vibaya. Nilikisubiri wiki nzima. Kilipewa chini ya nusu saa, kati ya chai na kugawa vyeti, na mwezeshaji akasema dini zote ni za amani, wanaozitumia vibaya si waumini wa kweli. Basi. Tuko Arusha! Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994, ilikaa kwenye jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa hapa mjini, mpaka 2015. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998, ya kwanza kutolewa na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, ilisomwa hapa. Wenye umri wangu tunakumbuka misafara ya magari na vyumba vya kupanga vilivyopanda bei. Na waliosimama kizimbani walikuwemo watu wa madhabahuni: mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, aliyehukumiwa miaka kumi mwaka 2003, na padre Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange lilibomolewa kwa tingatinga watu wakiwa ndani, na rufaa ya 2008 ikampa kifungo cha maisha.

Na si watu tu, simulizi yenyewe imo. Mwanzo 9, Nuhu na wanawe. Ukiisoma vizuri laana anatupiwa Kanaani, mtoto wa Hamu. Wazungu waliisukuma simulizi hiyo huku na huko kwa karne nyingi. Mara Hamu ni baba wa watumwa, mara katika karne ya 19 Wahamu, yaani kizazi cha Hamu, wakawa kabila bora lililoshuka kutoka kaskazini kuja kutawala Waafrika wengine. John Hanning Speke aliandika mwaka 1863 kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu wametokea Uhabeshi, yaani Ethiopia. Wakoloni wakaichukua, Watutsi wakawa Wahamu, kikafuata kitambulisho chenye kabila. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera akahutubia mkutano akisema Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Miezi kumi na saba baadaye mto ukawa unapitisha maiti. Hebu tumia yale maswali matatu hapo. Nani alisimulia, alimsimulia nani, na msikilizaji alifanya nini kesho yake. Yanajibika neno kwa neno, na ushahidi wake umehifadhiwa Lakilaki, ziliko nyaraka za mahakama ile, safari fupi kwa gari kutoka ukumbi tuliokaa.

Nilisema hayo. Nilijibiwa kwamba muda hautoshi na mada ni nyeti. Ya Yusufu nayo ilikuwa nyeti, mbona tuliiweza? Ustadhi aliniunga mkono, akasema upande wao nao zipo aya zinazokatwa nusu zikapelekwa kwa vijana, na yeye alitaka pawepo na mahali pa kulisema hilo mbele ya wachungaji bila kuogopa. Baba wa duka la vifaa akaongeza ya India kwa maneno machache sana. Ilikuwa inaanza kuwa nzuri. Wakagawa vyeti.

Mengine ni madogo. Makabrasha nusu ni ya Kiingereza cha ripoti, na katekista niliyekaa naye mchana aliyafungia maandazi. Cheti changu kilikosewa jina, wakakichapa upya bila malipo siku hiyo hiyo. Uwezeshaji wa mama wa kilimo ni wa daraja la kwanza. Kama tangazo linamtaja yeye, lipia. Kama linamtaja yule wa siku ya kwanza peke yake, subiri. Ukienda, beba Biblia au Msahafu wako, kwa sababu wanakupa vifungu vilivyokatwa, na utamu wote uko mbele ya pale walipokata. Malipo fanya kwa namba ya ofisi, si ya mtu, na udai risiti, maana katibu husahau.

Mimi nimewaachia barua ya ukurasa mmoja: siku ya kwanza ipunguzwe, ya Ijumaa ipewe siku nzima pamoja na ziara ya Lakilaki, ada ikipanda sawa. Katibu aliipiga muhuri wa kupokelewa na kunipa nakala. Awamu inayofuata wanasema ni baada ya mavuno, wakati ambao mimi niko Kiteto nanunua mahindi, kwa hiyo atakayekwenda aniambie kama wameongeza.